Mgongo Unapouma na Hofu Ikakulaza: Hatua za Kuzirudia Shughuli

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye mgongo au kiuno chake kimeuma kwa majuma kadhaa au miezi, ambaye amekwisha kuonwa na daktari na kuambiwa kwamba hana ugonjwa wa hatari, lakini ambaye maisha yake yameanza kuzungukia mgongo huo: hainami, habebi, hasafiri, na kila asubuhi kabla ya kuteremka kitandani hujisikiliza kwanza kama leo itakuwa siku mbaya. Mtu wa namna hii kwa kawaida hupewa vidonge, mkanda na shauri la kupumzika, kisha akaachwa ajitafutie mwenyewe njia ya kurudi kwenye shughuli zake.

Mwaka 1987 Gordon Waddell, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Scotland, alichapisha makala iliyogeuza mwelekeo wa tiba ya mgongo. Alionyesha kwamba kiasi ambacho mtu huzuiwa na mgongo wake kufanya kazi hakilingani na ukubwa wa jeraha linaloonekana, na kwamba imani ya mgonjwa, wasiwasi wake, mwenendo wake wa kila siku na watu wanaomzunguka vina uzito mkubwa katika kupona kwake. Miaka 10 baadaye, mwaka 1997, New Zealand ilitoa mwongozo uliowataka watoa huduma wazitafute mapema ishara hizo: kuamini kwamba kila uchungu ni dalili ya madhara mapya, kuepuka shughuli kwa hofu, huzuni, kujitenga na watu, na kungoja tiba itakayofanywa na mtu mwingine pasipo mgonjwa kushiriki. Hakuna katika haya lisemalo kwamba maumivu ni ya kubuni. Yanauma kweli, na mtu anayeambiwa "ni mawazo tu" ana haki ya kukasirika.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba hakuna hatari

Usianze lolote kati ya yanayofuata kabla ya kujiridhisha na jambo hili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ikiwa umeanza kushindwa kuzuia haja ndogo au haja kubwa, ikiwa mkojo umeziba, ikiwa unahisi ganzi sehemu za siri na kuzunguka makalio, au ikiwa mguu mmoja au yote miwili inazidi kukosa nguvu. Hizo huweza kuwa dalili za kubanwa kwa mishipa ya fahamu ya sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na saa chache huweza kuamua kama mtu atarudia hali yake.

Muone daktari bila kukawia pia ikiwa maumivu yameanza baada ya kuanguka au ajali, ikiwa uliwahi kutibiwa saratani, ikiwa umetumia dawa za steroidi (dawa za kupunguza uvimbe kama prednisoloni) kwa muda mrefu, au ikiwa maumivu yanafuatana na homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Katika Afrika Mashariki dalili hizo za mwisho zisichukuliwe kwa wepesi hata kidogo, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kushambulia pingili za uti wa mgongo hata kwa mtu asiyekohoa, na mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari zaidi. Kibiongo kinachoanza kujitokeza katikati ya mgongo kinahitaji uchunguzi, wala hakihitaji kuchuliwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 10 wenye maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, 9 hawana ugonjwa maalumu unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Ukiwa miongoni mwa hao, endelea.

Hatua ya pili: yasome upya majibu ya picha

Wagonjwa wengi hutoka katika chumba cha eksirei na maneno yanayowakaa kichwani kwa miaka: pingili zimesagika, diski (kipande laini kilicho kati ya pingili na pingili) imetoka, mgongo umelika. Aliyeyasema huenda alikusudia kueleza tu alichokiona, lakini aliyeyasikia hujenga picha ya mifupa inayosuguana na kumomonyoka kila anapoinama, na tangu siku hiyo hainami. Kwa maoni yangu, maneno haya yakitamkwa bila maelezo humdhuru mgonjwa kuliko pingili zenyewe.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski za kawaida mahali pote. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyovimba kuelekea nje angalau mahali pamoja. Uchambuzi mkubwa zaidi wa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu, ulikuta kuchakaa kwa diski katika asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye umri wa miaka 80. Mabadiliko mengi ya namna hiyo huja na umri, kama mvi zinavyokuja, na huonekana kwa wanaoumwa na kwa wasioumwa vilevile.

Chukua basi karatasi ya majibu yako na umrudie daktari au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) ukiwa na maswali yaliyoandikwa. Muulize kama kilichoonekana ni cha kawaida kwa mtu wa umri wako, kama kuna harakati yoyote ambayo ni hatari kwako, na kama hakuna, akuambie wazi kwamba unaweza kuinama na kubeba. Jibu hilo liandike mbele yake. Siku hofu itakapokurudia, maneno ya mtaalamu yaliyo kwenye daftari yatakufaa kuliko kumbukumbu.

Zipo pia imani ambazo hazitoki hospitalini. Kiuno kikiuma, watu husema ni figo, au ni ngiri, au chango. Na kwa mwanamume matangazo ya dawa za mitaani huunganisha maumivu ya kiuno na kupungua kwa nguvu za kiume, jambo linalomtia mtu hofu ambayo haoni wa kumweleza. Ukiwa na shaka ya figo, kipimo cha mkojo na damu kitaimaliza. Hofu ya nguvu za kiume itaje kwa daktari waziwazi, maana mtu anayelala vibaya, mwenye huzuni na anayeogopa kukisogeza kiuno chake anaweza kupata shida kitandani bila uti wa mgongo kuwa na kasoro.

Hatua ya tatu: andika unayoyaepuka

Mwaka 2000 wanasaikolojia Johan Vlaeyen na Steven Linton walieleza mzunguko ambao wahudumu wengi walikuwa wakiuona bila kuupangilia. Mtu anaumwa, anayatafsiri maumivu kuwa ni ishara ya kuharibika, anaogopa, anaepuka harakati, misuli inadhoofika na moyo unaingia unyonge, kisha harakati ndogo tu inauma zaidi ya zamani, na hilo linaonekana kuthibitisha hofu ya mwanzo. Mtu wa pili mwenye maumivu yale yale, akiyaona kuwa ni adha itakayopita, huendelea na shughuli zake kwa kiasi na kupona mapema.

Ili kujua ulipo, chukua daftari na uandike shughuli zote ulizoziacha au unazozifanya kwa kujihami tangu mgongo ulipoanza kukusumbua. Mbele ya kila moja weka namba kuanzia 0 hadi 10, ukipima hofu yako na siyo maumivu. Tumchukulie mama mmoja anayekaa kwenye nyumba isiyo na bomba ndani. Orodha yake inaweza kuanza na kuinuka kitandani bila kushikwa mkono, ambako hofu yake ni 2, kisha kufagia uani, 4, kuinama kufua nguo kwenye beseni, 6, kumbeba mtoto mgongoni, 7, na mwishoni kabisa kuinua na kujitwika ndoo ya lita 20, ambayo ameipa 9. Dereva wa bodaboda ataandika barabara zenye mashimo; karani ataandika kukaa kwenye kiti zaidi ya nusu saa. Orodha ikikamilika ipange kutoka hofu ndogo hadi kubwa, kwa sababu ndiyo ngazi utakayoipanda katika hatua ya tano.

Chini ya orodha jibu pia swali hili kwa sentensi moja: unadhani nini hasa kitatokea ukifanya hilo la mwisho? Jibu la "nitaumia" halitoshi. Andika kama unaamini kwamba mfupa utateguka, au mshipa utakatika, au utapooza na kubaki kwenye kiti cha magurudumu. Hofu iliyotajwa kwa jina inaweza kupimwa. Ile ya jumla haishikiki.

Hatua ya nne: toka kitandani kwa saa, usitoke kwa kufuata maumivu

Shauri la kulala majuma mawili lilikuwa la kawaida zamani, na bado hutolewa. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake nchini Marekani walilinganisha wagonjwa waliopewa mapumziko ya kitandani ya siku 2 na waliopewa siku 7, na wale wa siku 2 walikosa kazi kwa siku pungufu kuliko wale wa siku 7, bila kupata hasara nyingine. Mwaka 1995, huko Helsinki, utafiti wa wafanyakazi wa jiji wenye maumivu mapya ya mgongo ulikuta kwamba walioendelea na shughuli zao za kawaida kadiri walivyoweza walipona vizuri kuliko waliolala siku 2, na hata kuliko waliopewa mazoezi maalumu ya kunyoosha mgongo.

Kuna hata hivyo kosa la upande wa pili, nalo huwapata watu wachapakazi. Siku mgongo ukipoa, mtu hufua nguo za juma zima, hupalilia shamba, huhamisha kabati, akidai kwamba anafidia siku zilizopotea. Kesho yake hawezi kuinuka, hulala siku tatu, kisha husubiri tena siku nzuri. Hapo maumivu ndiyo yanayotawala ratiba, na mwili hujifunza kwamba kazi huleta adhabu na kitanda huleta nafuu. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, aliona tangu miaka ya 1960 na 1970 kwamba mzunguko huo huvunjika pale mgonjwa anapofanya kazi kwa kiasi kilichopangwa mapema na kupumzika kiasi hicho kinapotimia, hata kama bado anajisikia vizuri.

Fanya hivi. Chagua shughuli moja, kwa mfano kutembea. Kwa siku tatu tembea hadi pale unapohisi kwamba ukiendelea utajuta, na andika dakika. Tuseme umepata 10, 14 na 12. Wastani ni 12. Anza chini kidogo ya wastani huo, yaani dakika 9 au 10, na utembee kiasi hicho hicho kila siku. Siku njema usizidishe, na siku mbaya usipunguze isipokuwa kwa sababu ya dalili za hatua ya kwanza. Kila juma ongeza dakika 1 au 2. Mwendo huu wa polepole utamchosha mtu mwenye haraka, na ndiyo maana wengi huuacha katika juma la pili, wakati ambapo wangalikaribia kuona matunda yake.

Kutembea kunafaa kuanzia kwa sababu hakuhitaji kifaa wala ada. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya mgongo. Waliopewa mpango wa kutembea wa kuongeza kidogo kidogo, pamoja na elimu kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, walikaa kwa kawaida siku 208 kabla ya maumivu kurudi, wakati wasiopewa mpango walikaa siku 112.

Hatua ya tano: ikabili ngazi ya hofu

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa mtu anayetembea vizuri anaweza bado kuwa haiinui ndoo. Rudi kwenye orodha ya hatua ya tatu na uchukue jambo lenye hofu ya 3 au 4. Kabla ya kulifanya andika utabiri wako: "Nikifagia uani dakika 5, mgongo utakwama nami sitaweza kunyooka." Andika pia unavyoamini hivyo kwa asilimia. Kisha fagia dakika 5. Baada ya hapo, na tena asubuhi yake, andika kilichotokea. Maumivu yakiongezeka kidogo kwa saa kadhaa na kushuka, hayo ni mazoea ya misuli iliyokaa bila kazi. Utabiri ulikuwa ni kukwama, na kukwama hakukutokea.

Rudia jambo hilo hilo siku baada ya siku mpaka namba ya hofu ishuke angalau kwa nusu, ndipo upande ngazi. Kwa ndoo, yule mama ataanza na ndoo tupu, kisha lita 3, kisha 5, akiinama kwa namna mbalimbali na siyo namna moja tu ya "kuinama sahihi" aliyofundishwa. Wapo watakaoshtuka kusikia hivi, kwa kuwa tumezoea kuambiwa kwamba mgongo ulionyooka ndio salama. Mgongo umeumbwa ujikunje na kujinyoosha, na kuukaza kama ubao kila unapochukua kitu huuchosha.

Angalia pia zile kinga ndogondogo ambazo mtu huzifanya bila kujua: kubana pumzi anapoinama, kushika kiuno kwa mkono, kukaza tumbo, kufunga mkanda wa mgongo kutoka asubuhi hadi usiku, kujishikilia ukutani. Ukiinama salama ukiwa umevaa mkanda, akili itasema umeokolewa na mkanda. Ziache moja moja. Toa pumzi taratibu unaposhuka, legeza tumbo, na uuache mgongo ufuate. Mwaka 2023 nchini Australia tiba iliyojengwa juu ya misingi hii, ya kueleza maumivu, kulegeza kinga na kurudia harakati zinazoogopwa, ilijaribiwa kwa watu 492 waliokuwa wamezuiwa na maumivu ya muda mrefu. Waliipata kwa vipindi visivyozidi 7 katika majuma 12 na kimoja cha kukumbushia baadaye, na nafuu yao juu ya waliopata huduma ya kawaida ilikuwa bado ipo baada ya mwaka mzima.

Ikiwa hofu yako ni kubwa kiasi kwamba huwezi kuanza hata ngazi ya chini, usijilazimishe peke yako. Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia atakayesimama nawe, na umwambie mapema kwamba unahitaji kufundishwa kuinama zaidi ya kuchuliwa.

Hatua ya sita: usingizi, moyo na kazi

Kukosa usingizi huongeza maumivu ya kesho, na maumivu hukatiza usingizi wa leo. Ukianza na usingizi unapata pa kuingilia. Amka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na kitanda kisiwe mahali pa kushinda mchana. Ikiwa kwa zaidi ya majuma mawili umekosa furaha katika mambo yote, hamu ya kula imepotea, au unawaza kwamba afadhali usingekuwapo, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo ina tiba yake. Iseme hospitalini kwa uzito ule ule unaousema mgongo, na mawazo hayo ya mwisho yaseme leo.

Kazi nayo ina mkono wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, uliofuatilia wafanyakazi 3,020 wa kiwanda cha ndege cha Boeing, waliosema kwamba ni nadra kuifurahia kazi yao walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kuripoti tatizo la mgongo kuliko walioifurahia karibu siku zote. Usisubiri kupona kabisa ndipo urudi kazini. Omba kurudi kwa nusu siku, au kwa majukumu mepesi yenye tarehe ya mwisho iliyotajwa, kwa kuwa wepesi usio na mwisho hugeuka kuwa cheo cha mgonjwa.

Hatua ya saba: zungumza na watu wa nyumbani

Kwetu mgonjwa hahudumiwi na hospitali pekee. Majirani huja kumpa pole, mashemeji huchota maji, watoto hunyang'anya ufagio. Huruma hii ni hazina, lakini ikija kila mara mtu anapoguna na kutoweka kila mara anapojitahidi, humfundisha kubaki pale alipo. Waketishe wale walio karibu nawe na uwasomee mpango wako. Mama anaweza kumwambia bintiye, "Mwanangu, ukiniona nafagia usiniondolee ufagio, daktari amesema nifanye, nikikuomba msaada ndipo uje." Mume naye aombwe kwamba akirudi jioni aache kuuliza, "Mama Asha, mgongo vipi leo?" na badala yake aulize, "Leo umefika wapi?" Swali la kwanza hurudisha akili kwenye kiuno, la pili huirudisha kwenye shughuli.

Jambo hili linaweza kufanywa hata kwa nchi. Kuanzia mwaka 1997 jimbo la Victoria, Australia, liliendesha matangazo ya televisheni yaliyowahimiza watu wasilale kwa sababu ya mgongo bali waendelee na maisha. Imani za wananchi na za madaktari zilibadilika, na madai ya fidia kwa ajili ya mgongo yakapungua, wakati jimbo jirani lisilo na matangazo halikuonyesha mabadiliko kama hayo.

Hatua ya nane: panga mapema siku ya kurudi kwa maumivu

Maumivu ya mgongo hurudi kwa watu wengi, na yakimkuta mtu hana mpango, hofu yote ya zamani huamka pamoja nayo. Andika ukurasa mmoja ukiwa mzima. Ukurasa huo useme kwamba kwanza utazipitia dalili za hatua ya kwanza. Kama hazipo, na maumivu yamezidi yale ya siku mbaya ya kawaida, kwa siku moja au mbili utapunguza shughuli hadi nusu ya kiwango ulichokuwa nacho, bila kushuka hadi sifuri, na siku ya tatu utaanza kupanda tena. Weka humo yale majibu ya daktari na utabiri wako wa zamani ambao haukutimia.

Dawa zinaweza kukusaidia uanze kusogea, lakini diklofenaki inayonunuliwa dukani bila cheti huumiza tumbo na figo ikitumiwa kwa mazoea, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Dawa kali za jamii ya afyuni zilijaribiwa nchini Australia kwa maumivu mapya ya mgongo na shingo, na matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba hazikupunguza maumivu kuliko vidonge visivyo na dawa. Ukiona kwamba baada ya majuma 6 ya kufuata mpango dakika zako haziongezeki na hofu haishuki, rudi kwa daktari ukiwa na daftari lako, umwonyeshe ngazi uliyokwama.